Gurudumu la Kushoto

Nabuyonga, Mbale
3 Februari 2025

Kaka Romano,

Salamu kwanza, kwa sababu Baba alisema barua isiyo na salamu irudishwe kwa mwenyewe. Sisi hapa hatujambo. Mama yuko vizuri, ila goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Mimi msimu wa sare za shule umenimaliza, nimeshona sketi mpaka naziona nikifumba macho. Nasikia kwa mke wako kwamba Natasha amepanda darasa. Mpongeze, mwambie shangazi anamshonea gauni.

Simu yangu hupokei, mwaka wa saba sasa. Sikulaumu, nilichokuambia pale hospitali nakikumbuka neno kwa neno. Basi nakuandikia, na barua nampa Wasike, yule Mkenya wa lori la vitunguu. Anashuka Jinja kila Alhamisi na kurudi Ijumaa, na yeye huwezi kumkata kama simu.

Sasa jambo lenyewe. Mama anatimiza miaka sabini na mitano Jumamosi ya tarehe 14 Juni. Nilimuuliza anataka nini, nikidhani atasema gauni jipya la gomesi. Akasema, "Nataka kwenda kanisani kwa gari la mume wangu."

Ndiyo, Korola ile nyekundu. Bado iko pale pale kando ya jiko tangu siku ya ajali ya Baba. Unakumbuka Baba alivyoifunga na kutia ufunguo mfukoni, akakataa fundi yeyote asiiguse mpaka akafa. Ufunguo niliukuta kwenye koti lake la askari magereza. Nimemwita Alfayo, jirani yetu anayetengeneza boda, akalala chini akaangalia. Anasema injini itaamka, lakini breki za nyuma ni msiba: yale mabati ya duara yaliyo nyuma ya drami, yanayoshika viatu vya breki, yameliwa na kutu. Anasema Mbale nzima hayapatikani.

Fundi wa breki katika ukoo huu ni mmoja tu. Nifanye nini? Nina furaha kiasi kwamba jana nimeshona mkono wa blauzi mahali pa kola.

Ni mimi mdogo wako,
Gorreti

*

Walukuba, Jinja
20 Februari 2025

Gorreti,

Salamu zimefika. Tuko salama. Eucabeth anakusalimu, na mtoto pia. Kazi Masese ipo.

Uza hilo gari kwa watu wa vyuma chakavu, umkodie Mama gari zima. Kazi ya breki niliacha, unajua kwa nini. Siku hizi natengeneza injini za mitumbwi. Mtumbwi hauna breki, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza.

Ni hayo tu.
Romano

Nimesahau. Usimkubalie Alfayo achomelee yale mabati. Bati likishakuwa na matundu, moto wa kuchomelea unalimaliza. Zile sahani, ndivyo mafundi tunavyoyaita, zikifika hapo zinabadilishwa, hazibandikwi. Silinda ndogo ya mafuta imefungwa juu yake, na vishikizo vya viatu vinapita katikati yake. Ikilegea, viatu vinacheza, silinda inasukuma hewani, na pedali inazama mpaka chini. Ukitaka kuitoa lazima uchomoe na eksel, ule mtaimbo wa gurudumu, bolti nne, zimwagie mafuta siku tatu kabla hujagusa spana. Weka mawe chini ya gari, usiamini jeki peke yake, unanisikia? Nipimie sahani moja unitumie kipimo. Fungua ya kulia. Kulia na kushoto ni sawa, moja ni kinyume cha mwenzake kama mikono ya blauzi zako, kwa hiyo moja inatosha. Kushoto kuache kama kulivyo.

Sijasema nitasaidia.

*

Nabuyonga, Mbale
9 Machi 2025

Kaka yangu Romano,

Salamu za mulembe kutoka kwa Mama. Barua yako ina mistari saba ya kukataa na ukurasa mzima wa kazi, nimemsomea akacheka mpaka akashika mbavu. Hapa mvua zimeanza, wingu limekaa juu ya mlima Wanale siku ya tatu haliondoki. Kanisani wamenipa kazi ya kushona mavazi ya kwaya, watu ishirini na wawili, na kila mmoja ananiambia kiuno chake hakijabadilika tangu mwaka juzi.

Kaka, nimefungua gurudumu. Mimi, Gorreti, kwa mikono hii ya sindano. Drami ilikataa kutoka, Alfayo akaigonga kwa nyundo pande zote, ikaja kwa mkupuo na kunimwagia vumbi jekundu usoni. Eksel ikatutesa asubuhi nzima. Ilipochomoka nilipiga kigelegele, majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Kipimo ndicho hiki. Futi kamba sikuiamini, nikafanya kama ninavyojua. Nimelaza sahani juu ya karatasi ya kaki, nikaufuata ukingo wake kwa chaki, matundu yote nikayatoboa kwa kigurudumu changu cha kutia alama kitambaa, nikakata kwa mkasi mzuri. Peleka karatasi hii popote penye vyuma vya zamani. Sahani itakayolingana nayo, hiyo ndiyo yetu.

Upande huu wa kulia nimeona kitu. Sitakiandika leo. Kwanza niambie, kwa nini umesema kushoto kuache? Hujasema sababu, na wewe ni mtu wa kusema sababu hata za nati.

Gorreti

*

Walukuba, Jinja
27 Machi 2025

Gorreti mdogo wangu,

Salamu nyingi. Eucabeth alikuwa na malaria, sasa amepona, amerudi sokoni. Natasha anauliza gauni.

Sikiliza. Karatasi yako niliikunja nikaitia mfukoni, nikajiambia sitahangaika nayo. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye vyuma chakavu vya kwanza. Siku mbili injini za watu zimenisubiri Masese, wananipigia simu, mimi niko chini ya mabodi ya magari na karatasi ya kaki kama mtu anayenunua kiatu cha mgonjwa. Korola nimepata tatu, sahani zao zote ndogo. Nikashangaa, nikasema labda mzee alibadilisha eksel bila kutuambia, maana huyo kwa siri alikuwa hodari. Jana mchana, nyuma ya karakana moja, nikaona pikapu imelala ubavu. Nikaweka karatasi. Matundu yamekubali, ukingo umekubali, kama umekatiwa. Mwenye vyuma aliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Zote mbili nimezisugua kwa brashi ya waya mpaka zinang'aa, nimezipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Wasike anazo, zimefungwa kwenye gunia, amekaa nazo mbele kwenye kiti. Mkono wangu unanuka rangi na sijali. Tangu nihame sijapata wiki ya namna hii.

Funga ya kulia kwanza. Ya kushoto mpe Alfayo afunge peke yake, wewe nenda kashone.

Romano

*

Nabuyonga, Mbale
16 Aprili 2025

Kaka,

Mama anakusalimu, Alfayo anakusalimu, na mimi naona aibu hata kukusalimu.

Sahani zilifika nzuri kama sinia za arusi. Tukafunga ya kulia. Bolti zikaingia zote nne. Tukarudisha eksel, tukaweka drami, na drami ikakaa katikati ya sahani kama kifuniko cha birika juu ya sufuria ya ugali. Alfayo akatazama, akazunguka, akatazama tena. Akasema, "Afande wa Jinja amekosea gari." Mimi nikapandisha hasira. Nikaanza kukuandikia barua ya matusi, nimeshika kalamu, macho yakaenda kwenye meza yangu ya kukatia, nikaona patani za kukatia mavazi ya kwaya.

Romano, niliongeza nafasi ya mshono. Sentimita moja na nusu, kuzunguka pande zote. Miaka kumi na minane nakata nguo, mkono umekwenda wenyewe. Nimekutembeza Jinja nzima ukitafuta bati lenye pindo. Zile sahani ndogo ulizozikataa ndizo zilikuwa zetu. Mama alipoelewa alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka leso ikamvuka kichwani. Nimeambatanisha karatasi nyingine. Hii haina mshono, nimeipima mara tatu na Alfayo ametia sahihi nyuma.

Sasa la pili, na hili halichekeshi.

Nilifungua kushoto. Nilikuwa nimeshashuku, kwa sababu kile nilichokiona kulia ni mshono wako wa kuchomelea. Uko vilevile. Bati lote limeoza kuuzunguka, wenyewe haujaachia hata uzi, hadi alama yako ya R uliyogonga kwa patasi inasomeka. Nikajiuliza, kama mkono wa Romano haujaachia, kilichoachia ni nini?

Kushoto sahani imepasuka pale vishikizo vinapopita, viatu vimeanguka, silinda imetema mafuta. Na juu ya mpasuko kuna kiraka. Si chako. Ni bati la debe la mafuta ya kupikia, limepigiliwa kwa misumari ya kichwa bapa, lile ua la njano la debe bado linaonekana. Tunamjua mtu mmoja tu aliyepigilia kila kitu kwa misumari ile, kuanzia kiti cha jikoni mpaka kiatu chake cha gwaride.

Nilikaa chini kwenye tope. Pale hospitali, mguu wa Baba umevunjika, nilikuambia mbele ya wauguzi kwamba mikono yako isiguse tena kitu chochote cha nyumba hii. Ulitoka. Nilikosea, Romano. Nilikosea vibaya, na siku ya mazishi ulipokaa nyuma kabisa na kuondoka kabla ya chakula, nikasema ona, dhamiri inamsuta. Nakuomba msamaha. Naandika mara ya pili ili isomeke: nakuomba msamaha.

Mama nilimwonyesha kiraka. Alikishika, akaingia ndani akafunga mlango.

Gorreti

*

Nabuyonga, Mbale
18 Mei 2025

Kaka Romano,

Salamu. Wasike amerudi mara nne mikono mitupu. Anasema barua ulipokea kwa mkono wako mwenyewe. Eucabeth kwa simu ananiambia mko wazima, halafu anabadilisha mazungumzo.

Zimebaki wiki nne. Injini imewaka Jumanne, moshi ulifunika hadi kwa majirani, Mama akatoka na kinanda cha mkono akapiga wimbo wa kanisa. Gari linanguruma na haliwezi kusimama. Hata kama hutaki kuniandikia mimi, tuma sahani.

Gorreti

*

Walukuba, Jinja
29 Mei 2025

Gorreti,

Salamu, na samahani kwa kuchelewa. Hapa wazima. Sahani Wasike anazo, mara hii zimetoka kwenye Korola ya kwanza kabisa niliyoikataa. Mwenye vyuma alicheka sana nilipomweleza habari za mshono. Sasa ananiita fundi cherehani.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nimeianza hii mara tano.

Nilijua. Nilijua siku ileile. Nilipomtoa Baba garini nilichungulia chini, nikaona mafuta ya breki yamelowesha gurudumu la kushoto lote, na la kulia kavu kabisa. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hajatoka, nilikuwa nimemwambia, kulia nimemaliza, tufungue na kushoto. Akasema, "Hiyo nimeshaitengeneza mwenyewe. Unafikiri magereza nilikuwa nakoroga uji?" Sikubishana. Unamjua Baba, Sajenti Odeke, ukibishana naye unaanza kuhesabiwa kama mfungwa.

Hospitali uliponiambia yale, sikukutazama wewe. Nilimtazama yeye. Alikuwa macho, alisikia kila neno. Akageuza uso ukutani. Nikasema, atalisema kesho, akipoa. Kesho yake hakusema. Nikahamia Jinja, kila simu ya Mama nikidhani ndiyo hiyo. Siku ya mazishi bado nilikuwa nangoja, fikiria upumbavu huo, namngoja mtu aliye ndani ya sanduku aseme.

Ningeweza kusema mimi. Nilitaka aseme yeye. Na wewe nilikukataza kufungua kushoto kwa sababu ulikuwa kipenzi cha Baba, sikutaka umwone pale na misumari yake. Hasira nilikuwa nayo kwake, nikakutupia wewe kwa kutopokea simu. Msamaha wako nimeupokea, na mimi naomba wangu.

Sasa kazi. Funga sahani, rudisha eksel, tia silinda mpya, zimo guniani. Viatu vya breki visiguse mafuta hata tone. Halafu mnatoa hewa. Hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine analala chini anafungua na kufunga kinipo, kile kichuchu cha kutolea hewa, na wa tatu anashika chupa ya mafuta isikauke. Anza na gurudumu la nyuma lililo mbali na usukani. Mpe Alfayo pedali, wewe lala chini, chupa mpe yeyote.

Mimi wiki hiyo nina kazi nyingi. Msherehekee vizuri.

Romano

*

Nabuyonga, Mbale
3 Juni 2025

Kaka Romano,

Leo ni sikukuu ya Mashahidi, duka nimefunga, na ndani ya kucha zangu kuna grisi ambayo hata chumvi na limau vimeshindwa kuitoa. Salamu zako nimezigawa zote.

Sahani zimekaa. Kulia imekaa, kushoto imekaa, drami zinazunguka bila kulia hata kidogo. Alfayo alisimama nyuma ya gari amekunja mikono, akasema, "Bwana, hii ni kazi." Nilitamani uwe hapa nikajikuta natazama barabarani.

Barua yako nilimsomea Mama, yote, sikuruka. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Akaniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema, basi ninayaandika:

"Romano mwanangu, baba yako aliniambia. Wiki ya mwisho, kabla hajapoteza sauti. Alisema, breki ile ilikuwa ni mimi, na nimeshindwa kumtazama mtoto. Akaniomba nisimwambie mtu mpaka yeye akuambie mwenyewe. Hakuwahi. Nikafunga mdomo, nikasema namlinda marehemu. Nimemlinda aliyekufa, nikakosa mtoto aliye hai miaka minne mizima tangu tumzike. Nilipomwambia Gorreti nataka gari la mume wangu, sikutaka gari. Nilitaka mtu alifungue."

Ndivyo alivyosema. Umeelewa? Mama huyu anayejifanya mgonjwa wa goti ametuzungusha sote, na mimi nikidhani wazo ni langu.

Sasa nisikilize mimi. Kila kitu kimekwisha isipokuwa kutoa hewa. Alfayo alikaa kwenye usukani tayari, nikamwambia shuka. Akauliza kwa nini, nikamwambia hatua hii si yako. Milango nimeifunga na ufunguo ninao shingoni. Pedali ile haitakanyagwa na mtu. Kama tarehe 14 itafika gari halina breki, Mama ataingia garini na atakaa pale pale kando ya jiko amevaa gomesi yake, hajaenda kanisani, na nitawaambia wageni wote kwamba fundi ana kazi nyingi Masese.

Mikono yako ilete hapa. Ndiyo, hiyohiyo.

Gorreti

*

Walukuba, Jinja
5 Juni 2025

Gorreti,

Salamu kwa Mama, halafu kwa Mama tena. Wasike anangoja nje na injini inawaka, kwa hiyo naandika juu ya boneti ya lori lake.

Nina injini moja ya kumalizia Jumamosi. Jumatatu asubuhi tunatoka, mimi, Eucabeth na Natasha, tutafika kabla ya chakula cha mchana. Eucabeth tayari amefunga mzigo, nadhani aliufunga tangu Mei. Nakuja na spana zangu mwenyewe, za Alfayo siziamini, usimwambie.

Unakumbuka kule kota za magereza, Baba chini ya gari, miguu tu inaonekana, mimi kwenye pedali sifikii vizuri, wewe umeshika chupa kwa mikono miwili unaogopa kuimwaga? Alikuwa akipiga kelele kama yuko kwenye gwaride, mtaa mzima unasikia.

Safari hii nitalala chini mimi. Wewe utakaa kwenye usukani. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika, shika mguu chini, usiachie mpaka niseme. Tutaanza na gurudumu la kushoto.

Chupa ashike Mama.

Romano